San Andreas imezeeka, lakini nani aliyeizeesha?

Gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwenye PlayStation 2, na mwaka uliofuata ikafika kwenye kompyuta na Xbox. Iliuza zaidi ya nakala milioni 27, na hizo ni za halali tu. Sisi wa mitaani Nairobi hatumo katika hesabu hiyo, maana diski tuliyochezea ilikuwa nakala ya nakala, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiirudia gemu hii, toleo la zamani na lile jipya la 2021, na ukweli ni kwamba inachosha. Jibu rahisi ni kwamba imezeeka. Jibu hilo halinitoshi. Gemu ni faili, na faili haioti mvi. Baiti zilizokuwa kwenye DVD mwaka 2004 ndizo zile zile leo. Basi kilichobadilika ni kitu kingine, na mtu anayeandika programu kila siku anapaswa kutaka kujua ni kitu gani.

Tuanze na mashine. PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na nyingine 4 za picha. Simu ya bei ya chini kabisa dukani leo inaizidi mara 30 au zaidi. Ramani ya San Andreas nayo ni mraba wa kama kilomita 6 kwa 6, wenye miji mitatu (Los Santos, San Fierro na Las Venturas), jangwa, mashamba, misitu na mlima mmoja mkubwa. Ramani hiyo haingii kwenye megabaiti 32 hata uisukume kwa mguu. Kwa hivyo injini yao, RenderWare ya kampuni ya Criterion ya Uingereza, ikawa inasoma dunia kutoka kwenye DVD vipande vipande kadiri unavyosonga, na kutupa ulivyoviacha nyuma. Majengo ya mbali hayakuwa majengo bali maboksi yaliyopakwa rangi, yakibadilishwa na yale ya kweli ukikaribia. Magari yalishughulikiwa hivyo hivyo. Kama ulicheza, bila shaka uliona kwamba ukiiba gari zuri, ghafla barabara nzima inajaa magari ya aina hiyo hiyo. Sisi tuliamini gemu inatuonea gere. Kumbe umbo la gari lile lilikuwa tayari kwenye kumbukumbu, na injini iliona afadhali kulitumia tena kuliko kwenda kutafuta lingine kwenye diski.

Sasa, ukiwa na dunia inayojengwa mbele yako na kubomolewa nyuma yako, huwezi kumruhusu mchezaji aone mbali. Hapo ndipo ukungu unapoingia. Ndani ya gemu kuna faili ya maandishi iitwayo timecyc.dat. Kwa kila hali ya hewa na kwa saa mbalimbali za siku, faili hiyo inataja rangi ya anga, umbali ambao injini inakoma kuchora, na mahali ukungu unapoanza. Kitu kinapokaribia mpaka wa kuchorwa, rangi yake inachanganywa polepole na rangi ya ukungu mpaka kinapotea. Huoni jengo likichomoka ghafla kutoka hewani, unaona mji wenye hewa nzito.

Ujanja wao ulikuwa kwamba ukungu huo ulikuwa na sababu ya kuwepo. Los Santos ni Los Angeles ya mwaka 1992, mji uliojulikana kwa moshi wa magari unaotanda juu yake. Anga la rangi ya chungwa linafaa pale. San Fierro ni San Francisco, mji wa ukungu wa bahari. Jangwani kuna vumbi. Upungufu wa mashine ukageuzwa kuwa tabianchi. Juu ya hayo, PS2 ilipaka rangi ya jioni juu ya picha nzima kabla ya kuipeleka kwenye TV, na zile TV nzito zenye mgongo mrefu zikamalizia kazi kwa kulainisha kila kitu. Ngazi za pikseli ambazo leo zinakuchoma macho kwenye skrini bapa zilikuwa zimeyeyuka ndani ya kioo. Toleo la kompyuta la 2005 lilipoteza sehemu kubwa ya rangi hiyo, na ndiyo maana waliocheza PC na waliocheza PS2 wakikumbuka gemu hii utadhani wanaongea juu ya miji miwili tofauti.

Ndiyo maana nasema nusu ya uzee wa picha ni uzee wa skrini. Ukiiunganisha PS2 kwenye TV ya kisasa, unaionyesha kazi mahali ambapo haikutengenezewa.

Lakini si picha tu. Gemu yenyewe, yaani kazi ya kuicheza, ndiyo iliyonishinda. Chukua misheni maarufu ya treni, ile ambayo CJ anaendesha pikipiki kando ya reli huku Big Smoke akiwafyatulia risasi maadui walio juu ya mabehewa. Ukimfuata karibu sana, anakosa shabaha. Ukienda mbali, anakosa pia. Ukishindwa, hakuna mahali pa kuendelea. Unarudi mpaka alama ya kuanzia, unatazama utangulizi, unaendesha tena hadi stesheni. Ukifa unaamka mbele ya hospitali, silaha zote zimekwenda, na itabidi uzinunue upya kabla ya kufikiria kurudi. Mwaka 2004 hili lilikuwa jambo la kawaida. Toleo la simu la Desemba 2013 ndilo lililoleta vituo vya kati, ambapo ukishindwa unaendelea karibu na ulipoangukia. Leo, baada ya GTA V kutuzoesha vituo hivyo, kurudi kule kwa zamani ni kama kuandika barua ndefu kwenye programu isiyohifadhi kitu mpaka ufike mwisho.

Kupiga risasi nako kuna shida yake. Kwenye PS2 unashika R1 na gemu inakuchagulia mtu wa kumlenga. Mara nyingi inamchagua mpita njia asiye na hatia wakati anayekupiga amesimama hatua tatu tu. Huwezi kujibanza nyuma ya ukuta kwa kubonyeza kitufe, jambo ambalo GTA IV ya 2008 ililifanya kuwa la kawaida kwenye mfululizo huu. Vidole vyangu vimejifunza lugha nyingine tangu hapo, na havitaki kurudi.

Hapa nikajiuliza: mbona utotoni sikuyaona haya? Sikuwa mchezaji hodari. Jibu nililolipata ni la kiuchumi. Kwenye vibanda vya gemu tulilipia dakika. Mwenye kibanda hakuacha memori kadi ikae kwenye mashine, na hata angeiacha, mtoto aliyekuja baada yako angefuta chako. Kwa hivyo hakuna aliyecheza misheni. Ulikaa, ukabonyeza R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, na hivyo tena mara ya pili, ukapata afya, deraya na dola 250,000. Waliocheza kwenye kompyuta za saiba waliandika HESOYAM, neno ambalo rafiki zangu wa rika hili wanalijua kuliko nywila zao za benki. Baada ya hapo ulizurura. Uliiba ndege, ukapanda Mlima Chiliad, ukajirusha na parashuti. Muda ukiisha unagongwa begani, unatoka.

Kwa njia hiyo tuliicheza sehemu ya gemu iliyokuwa imara kabisa, yaani ile dunia yenyewe, na tukairuka sehemu iliyokuwa dhaifu. San Andreas ya kibandani haikuwa na misheni mbaya kwa sababu haikuwa na misheni. Mtu wa Marekani aliyeinunua kwa dola 50 na kuikalia miezi alikutana na treni ile mapema. Mimi nilikutana nayo nikiwa na kazi na mgongo unaouma.

Na kuna upande ambao umri uliuongezea thamani. Hadithi inafikia kilele pale afisa Tenpenny, aliyeigizwa kwa sauti na Samuel L. Jackson, anapoachiliwa na mahakama na mji unawaka moto. Utotoni, kama uliwahi kuufikia mwisho huo kwa diski ya mtu, uliona ghasia tu na nafasi ya kuiba TV. Leo najua kwamba Los Angeles iliwaka kweli kuanzia tarehe 29 Aprili 1992, baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiliwa, na kwamba kikosi cha CRASH anachotoka Tenpenny kilikuwepo kweli katika polisi wa mji huo. Waandishi walijua wanachokifanya. Mzaha mwingi wa redioni na wa mabangoni umechacha, hasa ule unaowahusu wanawake na mashoga, lakini hadithi ya polisi mla rushwa anayemtuma kijana kufanya maovu kwa niaba yake, huyo mtu wa Nairobi hahitaji kutafsiriwa.

Basi tufike mwaka 2021. Rockstar waliamua kuwauzia watu ujana wao upya. Oktoba walitangaza kwamba matoleo ya zamani yataondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, na tarehe 11 Novemba wakatoa GTA III, Vice City na San Andreas kwa pamoja, zikiitwa Definitive Edition. Kazi ilifanywa na Grove Street Games, kampuni ile ile iliyokuwa ikiitwa War Drum Studios ilipotengeneza matoleo ya simu. Walichukua msingi wa matoleo hayo ya simu wakauvalisha injini ya Unreal.

Jambo la kwanza walilolifanya ni kuondoa ukungu. Unaweza kuelewa mawazo yao. Mashine mpya zina kumbukumbu ya kutosha kuichora ramani nzima kwa mpigo, kwa hivyo ukungu wa nini? Matokeo yake ni kwamba ukisimama mahali palipoinuka Los Santos unauona Mlima Chiliad, ule ambao katika akili zetu ulikuwa safari ya saa nzima, umekaa pale kama kichuguu nyuma ya nyumba. Ukipaa kwa ndege, jimbo lote linaonekana kama mkeka uliotandikwa uwanjani. Jiji, jangwa na msitu vimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Barabara zile zilizopindapinda zilikuwa zimepindwa makusudi ili zionekane ndefu. Hakuna jengo lililosogezwa hata sentimita moja. Waliondoa mstari mmoja wa hesabu, na dunia ikasinyaa.

Halafu kuna ile nati. Kuna duka la donati liitwalo Tuff Nut, na juu ya paa lake kuna nati kubwa, ile ya kufungia bolti, yenye pembe sita. Mzaha ni rahisi na hata kwa Kiswahili unafanya kazi: donati, nati. Katika toleo jipya maumbo yalilainishwa ili yasionekane ya kizamani, na nati ikapoteza pembe zake ikawa duara. Aliyefanya hivyo, awe mtu au mashine, aliona pembe akadhani ni upungufu wa poligoni. Mabango nayo yalikuzwa kwa programu ya kujifunza yenyewe, mengine yakatoka na maandishi yaliyoharibika tahajia, kwa sababu programu ile haijui kusoma. Mvua ikawa mistari mieupe inayoziba macho. Toleo la kompyuta lilitolewa sokoni kwa siku kadhaa ili ziondolewe faili ambazo hazikukusudiwa kuwemo.

Mimi huwa nawahurumia watengenezaji, kwa sababu najua tarehe ya mwisho inavyofanya kazi. Lakini nati ile inanisumbua kuliko mvua. Mvua ni hitilafu, mtu anaiona, anairekebisha. Nati ni ushahidi kwamba mtu alifanya kazi juu ya kitu bila kuuliza kilikuwa kinasema nini. Nimeona jambo hilo hilo mara nyingi kwenye msimbo wa kazini: unakuta sharti la ajabu katikati ya funksheni, unaliona chafu, unalifuta, na wiki mbili baadaye mtu wa uhasibu anapiga simu.

Rockstar waliomba radhi mwezi huo huo wa Novemba, wakarudisha matoleo ya zamani kwenye duka lao la kompyuta. Marekebisho yaliendelea. Desemba 2023 matoleo mapya ya simu yalitoka kupitia Netflix, yakiwa yamefanyiwa kazi na Video Games Deluxe ya Australia, na ndani yake kulikuwa na chaguo la mwanga wa kizamani pamoja na ukungu. Novemba 2024 chaguo hilo likafika kwenye mashine nyingine. Miaka mitatu kurudisha kitu kilichokuwa kwenye faili ya maandishi tangu 2004!

Kuna uzee mwingine ambao hakuna aliyeupanga, na huu ndio ninaoupenda zaidi. Katika San Andreas kuna ndege ya kutua majini iitwayo Skimmer. Watu waliosasisha Windows 11 kwenda toleo la 24H2 walianza kulalamika kwamba ndege hiyo imepotea. Ukiilazimisha itokee ukiwa ndani yake, CJ anarushwa angani hadi kimo ambacho ni namba ya tarakimu 32. Mwaka 2025 mwandishi wa SilentPatch, kifurushi cha marekebisho kilichotengenezwa na shabiki, alifuatilia jambo hilo mpaka mzizi wake.

Kila chombo cha usafiri katika gemu kina mstari wake kwenye faili ya vehicles.ide, na mwishoni mwa mstari kuna ukubwa wa magurudumu. Skimmer ilikuwepo tayari kwenye Vice City ya 2002, lakini kule injini iliihesabu kuwa mashua, na mashua haina magurudumu, kwa hivyo mstari wake ulikuwa mfupi. Kwenye San Andreas ikageuzwa kuwa ndege, na hakuna aliyekumbuka kuujaza mstari. Msimbo unaosoma faili haukuuliza ni thamani ngapi zimepatikana, wala haukuweka thamani za mwanzo. Vigeu vilikuwa kwenye staki, vikiwa na chochote kilichoachwa hapo. Na kilichoachwa hapo kilikuwa ukubwa wa magurudumu ya gari lililosomwa kabla yake, yaani gari la mizigo liitwalo Topfun. Kwa miaka 20 ndege ile iliruka kwa magurudumu ya kuazima!

Kisha Microsoft wakabadilisha kitu kidogo ndani ya kufuli za Windows, kufuli ambazo gemu inazipitia kila inaposoma mstari. Msimbo mpya unatumia staki kidogo zaidi kuliko ule wa zamani, na sehemu hiyo ya ziada ikafuta magurudumu ya Topfun. Microsoft hawakukosea, wana haki ya kuitumia staki yao. Wala hitilafu haikuzaliwa 2024. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, imelala. Mwalimu wangu wa C chuoni alikuwa akikata alama kwa kila kigeu kisichowekewa thamani, nasi tukamwona mkali bure.

Mfano mwingine wa aina hiyo: kwenye kompyuta kuna chaguo la kuzuia idadi ya fremu. Ukilizima kwenye mashine ya leo, gemu inakwenda laini kabisa, ila CJ anaogelea kama amefungwa jiwe. Sehemu za hesabu zimefungwa kwenye fremu badala ya saa, na fremu zikizidi, hesabu inavurugika. Kompyuta ikiwa na nguvu zaidi, gemu inakuwa mbovu zaidi.

Hitilafu kama hizi zinarekebishwa na nani? Si kampuni. Mwaka 2014 sasisho rasmi la toleo la kompyuta lilikuja kuondoa nyimbo, zaidi ya 10, kwa sababu leseni zake zilikwisha. Rage Against the Machine wakanyamaza kwenye redio ya gemu. Mashabiki ndio waliorekebisha skrini pana, wakarudisha rangi za PS2, wakaikamata Skimmer. Wengine waliandika upya msimbo wa GTA III na Vice City kwa kuuchambua kutoka kwenye programu yenyewe, mradi ulioitwa re3, wakaitoa hadharani mwanzoni mwa 2021. Februari mwaka huo huo Take-Two, wenye Rockstar, wakaitaka GitHub iuondoe, na Septemba wakawashtaki waandishi wake California. Miezi miwili baadaye ikatoka ile nati ya duara.

Kama bado unataka kuicheza, tafuta toleo la kompyuta la kwanza kabisa, lile la 2005 lenye nyimbo zote. Weka SilentPatch, acha kizuizi cha fremu kikiwa kimewashwa, na usiongeze umbali wa kuona hata mashine yako ikiweza. Misheni ya treni, mfuate kwa upande wa kulia wa treni, usiikaribie sana. Au andika HESOYAM uende mlimani.